Mbegu Mpya, Kinga Ile Ile

Shamba la ngano la Narok likikaribia mavuno hupendeza kwa kulingana: kimo kimoja, rangi moja, masuke yote yameiva pamoja. Mwenye kombaini hufurahi. Kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano, nayo hufurahi, kwa sababu ikishajua kuingia kwenye mmea mmoja imejua kuingia shamba zima.

Tazama yaliyoipata Sr31, jeni ya kuikinga ngano dhidi ya kutu hiyo. Ilitolewa kwenye nafaka ya rai, jamaa ya ngano, ikaingizwa katika mbegu zilizosambaa mabara mengi. Ilizuia kutu miaka mingi hadi wengi wakaona ugonjwa huo umekwisha. Mwaka 1998 ikapatikana Uganda kutu isiyoijali Sr31 hata kidogo, ile iliyokuja kuitwa Ug99. Hapa Kenya, aina ya ngano iitwayo Kenya Mwamba ilikuwa na kinga nyingine, Sr24. Mwaka 2006 ikazuka kutu inayoishinda hiyo pia, na 2007 Kenya Mwamba ikaumia vibaya.

Ngano ya mkate ilianza na urithi mwembamba. Ilitokea kama miaka 10,000 iliyopita, ngano ya kale ilipochanganyika na nyasi ya mwituni upande wa Bahari ya Kaspi, na mimea iliyoshiriki ilikuwa michache. Kisha sisi wenyewe tukaupunguza tena. Mwingereza A. E. Watkins alikusanya ngano 827 za wakulima wa nchi mbalimbali kati ya miaka ya 1920 na 1930. Utafiti uliotoka 2024 ulionyesha kwamba ngano hizo ni za koo saba, na mbegu za kisasa zinatokana na koo mbili tu. Koo tano zimekaa kabatini!

Kituo cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Njoro hujaribu dhidi ya kutu maelfu ya ngano kutoka nchi nyingi, na kazi hiyo naiheshimu sana. Ninacholalamikia ni kinachofuata. Mbegu mpya husifiwa kwa magunia kwa ekari na siku za kukomaa. Kinga yake imetoka wapi, ni jeni moja au kadhaa, hilo halisemwi. Wakati jeni kama Sr2, ambayo hupunguza tu mwendo wa kutu bila kuizuia kabisa, imetumika tangu karne iliyopita na bado inasaidia, hasa ikiunganishwa na wenzake. Haina mbwembwe, ndiyo maana haitangazwi.

Wenye vinu watasema wanataka ngano ya namna moja. Mbona wao huchanganya ngano za nchi tofauti kabla ya kusaga? Na dawa ya kupulizia ipo, ila mwenye ekari mbili hawezi kuinunua kila msimu.

Ningeanza na mfuko wa mbegu. Uandikwe kundi la kinga, ili mkulima wa Mau Narok ajue kama mbegu anayonunua inategemea kinga ile ile ya jirani yake, na achague nyingine.