RNA ndogo: wanaozibeza walipima nini?

Wapo wanabiolojia ambao bado huziona RNA ndogo za bakteria (molekuli fupi zinazonakiliwa kutoka kwenye DNA, zisizotengeneza protini) kama virekebishaji tu. Kwao, protini ndizo zinazoamua bakteria atoe sumu au asitoe. RNA hizi hupunguza hapa na kuongeza pale. Ushahidi wao si wa kudharau: ukifuta jeni ya RNA ndogo moja kisha ukamwambukiza panya, mara nyingi panya huugua vilevile.

Kasoro iko kwenye hiyo "moja". Mwaka 2004 maabara ya Bonnie Bassler, Chuo Kikuu cha Princeton, ilieleza RNA nne za kimelea cha kipindupindu, Qrr1 hadi Qrr4. Vimelea wakiwa wachache, RNA hizi, zikisaidiwa na protini Hfq, husababisha RNA mjumbe (nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini) ya HapR, protini inayozuia sumu, ivunjwe, na njia ya kutengeneza sumu hubaki wazi. Wakishakuwa wengi, Qrr hukoma, HapR hupanda, sumu hufungwa. Ukifuta Qrr moja, mfumo unaendelea kama kawaida. Futa mbili, hata tatu: bado. Yoyote itakayobaki inatosha. Mpaka zote nne zitoke ndipo HapR inaachiwa. Anayefuta moja moja angeandika, kwa dhamiri safi kabisa, kwamba Qrr1 haina kazi, kisha Qrr2, kisha Qrr3, kisha Qrr4. Najiuliza ni "hazina athari" ngapi zilizoandikwa kwa njia hiyo.

Halafu kuna suala la mahali pa kupimia. Mwaka 2016 kundi la Jörg Vogel, Würzburg, lilisoma kwa pamoja RNA za Salmonella, bakteria anayeambukiza matumbo, na za seli aliyoivamia. PinT, RNA ndogo inayopanda sana bakteria akishaingia ndani, ilionekana kupanga lini jeni za uvamizi zipishe zile za kuishi ndani ya seli. Vipimo vya kawaida vya ukali wa bakteria havikuwa vimelifichua hilo.

Hoja nzito ya wapinzani wala si panya. Ni N16961, kimelea cha kipindupindu kilichosomwa jenomu yake (DNA yake yote) mwaka 2000: jeni yake ya HapR ni mbovu, na bado ni mkali. Hapo njia ya HapR haina cha kuamua, nakubali. Lakini Qrr pia huongeza AphA, protini inayosukuma jeni za sumu, na kwa kazi hiyo hazihitaji HapR.