Riwaya Safarini: Inatupunja Safari au Inaiongezea Utamu?

Wapo wanaosema kuzama kwenye riwaya safarini ni kuinyima safari haki yake, na hoja wanayo. Basi la Dar es Salaam kwenda Iringa linakatiza Hifadhi ya Mikumi. Aliyeinamia kitabu hapo anapitwa na twiga waliosimama kando ya barabara. Halafu kuna kichefuchefu: macho yametulia kwenye mistari huku sikio la ndani linahisi kila kona, ubongo unapata habari zinazopingana, tumbo linachafuka. Kwenye kona za Kitonga hata mimi nafunga kitabu.

Ila hayo ni ya basi. Panda treni ya TAZARA uone. Kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, ni kilomita 1,860, na njiani mtandao wa simu unakuja na kupotea. Nyumbani tunasoma kurasa tano, simu inaita, mtoto anataka chai, na mhusika tuliyemwacha Jumatatu tumeshamsahau ikifika Alhamisi. Behewani unakuwa naye tangu asubuhi hadi jua linazama, mpaka unagundua kwamba neno alilolitamka sura ya pili lilikuwa linaandaa kifo cha sura ya kumi. Utamu huo hauji kwa kudokoadokoa.

Na kwamba kitabu kinakutenga na wenzako? Siafiki. Abiria wetu hawaogopi kitabu. Wa kitanda cha juu atauliza, "Hicho kinahusu nini?" Unamsimulia kidogo, na kabla hamjafika Makambako chumba kizima kinabishana kama yule mke alifanya vizuri kuondoka.

Treni ya umeme ya Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, naipenda, lakini kwa safari isiyofika saa nne beba hadithi fupi.

Kinachonishawishi zaidi ni riwaya ya mahali unapokwenda. Aliyesoma *Kuli* ya Adam Shafi, iliyojengwa juu ya mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar mwaka 1948, akishuka boti pale Malindi, mjini Unguja, atawatazama wapagazi kwa jicho jingine. Huyo kitabu hakijamwibia Unguja, kimemwonyesha.

Wapinzani wananishinda pale tu mtu anaposafiri na watoto. Mtoto akibandika uso dirishani na kuuliza ule mlima unaitwaje, baba aliyebaki sura ya saba anakosea.