Fleti ya likizo Torrevieja: hesabu ya mnunuzi na hesabu ya mji

Tangazo lenyewe halibadiliki sana. Vyumba viwili vya kulala, roshani inayopata jua la alasiri, bwawa la kuogelea la pamoja, mita 500 hadi ufukweni, uwanja wa ndege wa Alicante hauko mbali. Mji ni Torrevieja, kusini mashariki mwa Uhispania, ambao ulikula chumvi yake mwenyewe kabla ya kula pesa za wageni. Maziwa ya chumvi bado yapo nyuma ya majengo, na chumvi bado inavunwa. Katika mkoa huu wa Alicante, zaidi ya nyumba 4 katika kila 10 zinazouzwa hununuliwa na raia wa nchi nyingine. Hakuna mkoa mwingine wa Uhispania unaokaribia hapo kwa urahisi.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la mnunuzi: je, inalipa? La pili ni la mji: je, mauzo haya yanaujenga au yanaukausha? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine, na akawa sahihi kote kuwili.

Tuanze na pesa. Chukua mfano wa fleti ya yuro 180,000 ambayo si mpya. Katika jimbo la Valencia, ambamo Torrevieja imo, kodi ya kuhamisha umiliki kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 10 ya bei (kuanzia Juni 2026 ni 9). Kwa kiwango hicho cha 10, ni 18,000 kabla hujamlipa mthibitishaji wa hati, masijala ya ardhi na wakili. Ukijumlisha yote, gharama za kununua huwa kati ya asilimia 12 na 14. Siku unayokabidhiwa funguo umeshatoa zaidi ya yuro 200,000 kwa nyumba ambayo kesho yake, ukitaka kuiuza, ni ya 180,000 ileile, na dalali atataka chake.

Kisha kuna gharama za kila mwaka: ada ya jumuiya ya wenye fleti (bwawa halijisafishi), kodi ya jengo ya manispaa, bima, umeme na maji hata nyumba ikiwa imefungwa, na kodi ndogo ya serikali kuu nitakayoirudia chini. Tuseme 2,000 kwa mwaka, na sidhani nimezidisha. Ukigawa gharama za kununua kwa miaka kumi na kuongeza hizo 2,000, unapata kama yuro 4,500 kwa mwaka kabla ya kuhesabu kwamba zile 180,000 zingeweza kuwa zinazaa mahali pengine. Anayekwenda wiki nne kwa mwaka analipa zaidi ya 1,100 kwa wiki kulala kwenye kitanda chake mwenyewe. Kwa wiki ya Mei au Oktoba, pesa hiyo inakodisha fleti ya namna hiyo na chenji inabaki.

Dalali atakujibu kwamba bei zinapanda. Ni kweli, zimepanda. Lakini kati ya 2008 na 2014 bei za nyumba Uhispania zilianguka kwa zaidi ya theluthi moja, na pwani hii ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, kwa sababu ndiyo iliyojengwa kwa pupa zaidi. Waliohitaji kuuza wakati ule waliuza kwa hasara au hawakuuza kabisa. Mwenye nyumba ya likizo ndiye wa kwanza kutaka kuuza mambo yakiharibika kwao, na mambo yakiharibika Ulaya kaskazini huwaharibikia wote pamoja. Wauzaji wanakuwa wengi siku ileile ambayo wanunuzi wamepotea.

Hata hivyo sitaki kumfanya kila mnunuzi mjinga. Yupo ambaye hesabu inamkubali: mstaafu anayekuja Novemba na kuondoka Aprili. Huyu anaepuka gharama za kupasha nyumba joto huko kwao, magoti yake yanapumua, na baada ya misimu michache ana muuza samaki wake na jirani wa kucheza naye karata. Ukigawa gharama zilezile kwa wiki ishirini na kitu, nyumba inakuwa rahisi kuliko hoteli yoyote. Fleti ya pwani humlipa anayekaa, si anayepita.

Ila sheria za mipaka zimepanga mambo kinyume. Raia wa nje ya Umoja wa Ulaya (ukiacha Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi) asiye na kibali cha ukaazi anaruhusiwa kukaa siku 90 tu katika kila siku 180 ndani ya eneo zima la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, awe na hati ya nyumba au asiwe nayo. Waingereza waliligundua hilo baada ya Brexit, nchi yao ilipojitoa katika Umoja huo. Tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipakani, unaosoma alama za vidole na sura, umeanza kuhesabu siku hizo badala ya mihuri ya pasipoti iliyokuwa ikififia. Mswahili mwenye pasipoti ya Uholanzi hana shida. Mwenye ya Uingereza anabanwa na zile 90. Mwenye ya Kenya au Tanzania anaomba viza kwanza, na hati ya fleti haimpi haki ya kupewa. Zamani palikuwa na njia ya mkato: sheria ya 2013 ilimpa kibali cha kuishi yeyote aliyenunua nyumba ya yuro 500,000 au zaidi. Njia hiyo ilifungwa Aprili 3, 2025.

Basi inabaki ile ahadi nyingine ya madalali, kwamba usipokuwepo utapangisha kwa watalii na nyumba itajilipa. Ahadi hii imezeeka. Tangu 2024 jimbo la Valencia linataka upangishaji wa kitalii uwe wa siku zisizozidi 10 kwa mgeni yuleyule, na manispaa ithibitishe kwamba mpango wa mji unaruhusu shughuli hiyo mahali hapo. Kuanzia Aprili 2025, anayetaka kuanza kupangisha hivyo anahitaji pia idhini ya tatu ya tano ya majirani, na ndani yake wamo wale waliochoshwa na masanduku ya magurudumu usiku wa manane. Kodi nayo: mkaazi wa Umoja wa Ulaya (au wa Norway, Iceland na Liechtenstein) hutozwa asilimia 19 ya mapato hayo, wa kwingineko asilimia 24. Anayenunua kwa kutegemea wapangaji, asinunue kabla hajasoma kanuni za jumuiya ya jengo lile.

Akiwa hapo, asome na mengine. Masijala hutoa dondoo ya hati kwa bei ya sahani ya wali na samaki, nayo huonyesha mwenye nyumba ni nani na kama kuna rehani. Madeni ya ada ya jumuiya ya mwaka unaoendelea na ya miaka mitatu iliyotangulia hufuata nyumba, si aliyeiacha. Na kwa nyumba za mstari wa mbele kabisa, sheria ya pwani ya 1988 imeweka ufuo kuwa mali ya umma na ukanda wa ulinzi wa mita 100 nyuma yake, au mita 20 pale palipokuwa mji tayari. Neno “mbele ya bahari” hupandisha bei. Ramani ya mipaka ya ufuo inaweza kuishusha.

Sasa mji. Hoja za wanaotetea mauzo si nyepesi. Mafundi bomba, wasafishaji, waokoaji wa mabwawa, wauza vigae, madereva: watu wengi wa eneo hili wanaishi kwa nyumba za wageni. Hata lile lalamiko kwamba wastaafu wa kigeni wanajaza hospitali lina jibu: mstaafu wa Uingereza aliyehamia rasmi hutibiwa kwa fomu ambayo kwayo nchi yake huilipa Uhispania.

Tatizo ni wale wasiohamia. Sehemu kubwa ya pesa ambazo serikali kuu huipa manispaa hufuata idadi ya watu walioandikishwa kuwa wakaazi. Mwenye fleti aliyeandikishwa Leeds au Antwerp hahesabiki, lakini taka zake za Agosti huzolewa, na bomba la maji lazima litoshe siku ile mji umefura kupita kiasi. Halafu kuna mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi huku. Wamiliki wengi wa pwani hupangisha Septemba hadi Juni tu, ili majira ya joto yabaki kwa watalii au kwao wenyewe. Mtu mwenye watoto shuleni anahamisha godoro kila kiangazi. Maandamano ya 2024 huko Mallorca, Málaga na Barcelona yalizaliwa na mambo ya namna hii, na yalipochekwa kwa sababu ya waliowarushia watalii maji ya bastola za plastiki, hoja yenyewe ilipotea kwenye vicheko.

Januari 2025 waziri mkuu Pedro Sánchez alitoa jibu lake: kodi ya hadi asilimia 100 ya bei kwa wanunuzi wa nje ya Umoja wa Ulaya wasioishi Uhispania. Alisema mwaka 2023 watu hao walinunua nyumba 27,000. Ni nyingi zikisimama peke yake. Lakini mwaka huohuo Uhispania nzima iliuza zaidi ya nusu milioni, na Wabelgiji, Waholanzi, Wajerumani na Wapoland wanaonunua Alicante wasingeguswa hata senti. Serikali yake haina wingi wa kura bungeni wa kupitisha jambo kama hilo kwa nguvu zake. Naliona kama tangazo la kisiasa kuliko sera.

Kuchuja wanunuzi kwa uraia si dhambi; Kenya inafanya hivyo katika katiba yake ya 2010, inayompa asiye raia ukodishaji wa ardhi usiozidi miaka 99, na Waitaliano wenye nyumba zao za likizo Malindi na Watamu wanaishi chini ya kanuni hiyo. Lakini kanuni ile inalinda ardhi. Torrevieja inalilia kitu kingine: nyumba iliyofungwa. Dirisha lililofungwa miezi kumi na moja halijali mwenyewe ni wa Bergen, Norway, au wa Bilbao, Uhispania kwenyewe.

Na hapa ndipo ile kodi ndogo niliyoiahirisha inapoingia. Uhispania huhesabu kwamba nyumba isiyopangishwa inampa mwenyewe faida ya kufikirika, kwa kawaida asilimia 1.1 au 2 ya thamani iliyoandikwa kwenye daftari la serikali, thamani ambayo mara nyingi iko chini sana ya bei ya soko. Fleti yenye thamani ya daftari ya yuro 60,000, kwa kiwango cha chini, inampa mwenyewe wa nje ya Umoja wa Ulaya kodi ya yuro 158 kwa mwaka. Raia wa Ubelgiji anayeishi kwao analipa 125. Sheria ya nyumba ya 2023 iliziruhusu manispaa kuongeza kodi ya jengo kwa nyumba tupu, lakini inamlenga mwenye nyumba nne au zaidi, na nyumba ya likizo ya kawaida inapita pembeni.

Ningepandisha hiyo 158 mara tano au sita, kwa kila nyumba isiyo makazi ya mtu, na ningeipa manispaa. Anayekaa majira yote ya baridi angeibeba bila kulia. Anayekuja wiki mbili angeanza kufikiria kuuza au kupangisha kwa mwaka mzima. Kinachozuia si Waingereza, ambao wengi wao hawapigi kura za bunge la huko. Ni kwamba Torrevieja, kabla ya kuwa ufuo wa Oslo na London, ilikuwa ufuo wa Madrid, na bado ni hivyo: familia nyingi za mji mkuu zina fleti pale, nyingine zimerithiwa kwa bibi, na hao wanapiga kura.