Kaka, Umevaa Taiti ya Shemeji?

Ilianza na miundi yangu. Wanaovuta chuma kutoka sakafuni wanajua: ukikivuta inavyotakiwa, kinapanda kikisugua mguu kwa mbele, kutoka karibu na kifundo mpaka gotini, na pale pa kushikia pana michongo inayokwaruza kama tupa. Baada ya wiki tatu nilikuwa na makovu ya mtoto anayejifunza baiskeli. Mwalimu wa jimu akaniambia nivae soksi ndefu au taiti. Nikanunua taiti nyeusi, nikaivaa peke yake, bila kitu juu, nikaingia siku ya mazoezi ya miguu.

Sikufika mbali. "Kaka, leo umevaa ya shemeji?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Mwingine akanivuta pembeni, kwa upole wa mtu anayenitakia mema kabisa, akaniambia mwanaume naye hujisitiri. Huyo mshauri wangu alikuwa na fulana iliyokatwa mikono mpaka karibu na kiuno. Alipoinama kuokota chupa yake ya maji, chuchu zote mbili zilitoka kusalimia. Nyani haoni kundule.

Siku iliyofuata nikavaa bukta juu ya taiti na hakuna aliyenisemesha tena. Lakini lilinikaa kichwani. Utani mmoja tu, tena wa watu ninaowapenda, ulitosha kunibadilisha mavazi. Na mimi nimeishi miaka yote hii bila mtu kuniuliza habari za mapaja yangu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenifungua macho, bila kukusudia. Daktari alimwambia aimarishe mgongo na nyonga, akaanza kuja nami jimu. Mara ya kwanza tulichelewa dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimeshavaa, nimekunywa maji, nimesimama mlangoni natikisa funguo. Yeye yuko chumbani mbele ya kioo, ameinama kama anayeokota kitu, na nyuma yake mdogo wetu wa kike ameshika simu iliyowashwa tochi, anachungulia kama kitambaa kinaonyesha ndani kikivutika. "Inama zaidi. Simama. Inama tena." Nikawauliza mnafanya nini. Wakanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanachemshwa.

Taiti yenyewe ilikuwa nyeusi. Ya kijivu anayo lakini haivai, kwa sababu jasho likipata kijivu linachora ramani palepale usipotaka ramani. Hapo nikakumbuka mgongo wangu mwenyewe, unavyolowa mpaka fulana inageuka rangi, na jinsi watu wanavyonipigia makofi begani: leo umefanya kazi! Jasho ni lilelile. Kuhusu nyeupe sina haja ya kueleza. Wimbledon, mashindano ya tenisi ya Uingereza, waliwalazimisha wachezaji wanawake kuvaa nyeupe mpaka nguo za ndani, na ilibidi kufika mwaka 2023 ndipo waliporuhusiwa kuvaa bukta za rangi iliyokoza chini ya sketi, baada ya wachezaji kusema wazi kwamba wanacheza na hofu ya siku zao. Mashindano hayo yalianza mwaka 1877. Hesabu mwenyewe.

Tulipofika, dada alifunga sweta kiunoni ili kufunika nyuma. Juu alikuwa na fulana pana. Kati ya seti na seti, yaani mzunguko mmoja wa zoezi na mwingine, aliishika ile fulana kwa vidole viwili, mbele, halafu nyuma, akaivuta chini. Nikaanza kuhesabu, kwa ujinga tu: katika zoezi moja la kuchuchumaa, seti tatu, aliivuta mara kumi na saba. Tatizo ni kwamba ukishaweka chuma mabegani mikono yote miwili imekishika, huwezi kuvuta chochote. Basi anaposhuka, nusu ya akili iko kwenye pindo la fulana badala ya kuwa kwenye magoti, na ndiyo maana alikuwa hashuki mpaka chini. Mwalimu alidhani ana ugumu wa vifundo, akampa mazoezi ya vifundo.

Lile zoezi ambalo hasa ndilo lililomleta, la kulala chali na kuinua nyonga ukiwa na uzito juu ya mapaja, hakulifanya kabisa. Alilifanya nyumbani usiku, kwa ndoo ya maji badala ya chuma.

Ninasimulia haya kwa sababu mjadala wa nguo za jimu siku zote huishia kwenye maadili, kana kwamba hakuna hasara nyingine. Hasara iko palepale kwenye sakafu. Mtu amelipa ada kamili, anatumia robo ya vifaa. Anakwepa sehemu ya vyuma vizito kwa kuwa ndiko wanakojaa wanaume, anakwenda kwenye mashine ya kukimbilia iliyo pembeni, ukutani, ambako hakuna anayesimama nyuma yake. Kisha tunaambiana kwamba wanawake hawapendi kunyanyua.

Najua jibu linalokuja: si avae tu nguo pana? Kwanza, kitambaa kinachopepea na mashine zenye minyororo na kapi ni maadui. Pili, mwalimu anahitaji kuona goti linakwenda wapi. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba nguo pana nazo zinasemwa. Nimewasikia wanaume walewale wakimcheka dada aliyekuja na hijabu na suruali ya kupwaya, kwamba amekuja mazoezini au msibani. Aliyejifunika anasemwa, aliyebanwa anasemwa, na yule wa katikati mwenye sweta kiunoni anaulizwa anaficha nini.

Mwezi Julai mwaka 2021 dunia ilituonyesha jambo hili waziwazi mpaka ungedhani limepangwa. Wanawake wa Norway wanaocheza mpira wa mikono wa ufukweni walitozwa faini ya yuro 1,500 kwenye mashindano ya Ulaya huko Bulgaria, kosa lao likiwa kuvaa bukta badala ya chupi ya bikini ambayo kanuni zilitaka ubavu wake usizidi sentimita 10. Wanaume wa mchezo uleule walikuwa na bukta zao za kawaida. Ndani ya siku hizohizo, huko Uingereza, msimamizi wa mashindano akamwambia mwanariadha wa Paralimpiki Olivia Breen kwamba bukta yake ya kukimbilia ni fupi mno, haifai. Mmoja kavaa ndefu mno, mwingine fupi mno, na wote wawili walikuwa kazini. Kabla ya mwaka ule kwisha shirikisho la mpira wa mikono lilibadili kanuni yake na kuruhusu bukta, lakini ukiisoma unakuta za wanawake lazima zibane, za wanaume zisipwaye mno tu. Hata walipokubali kosa, waling'ang'ania kubana.

Serena Williams naye aliingia uwanjani French Open mwaka 2018 na vazi jeusi la kubana mwili mzima. Alikuwa mama wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na yeye mwenyewe amewahi kuganda damu mara kadhaa. Vazi lile lilikuwa la kumsaidia mzunguko wa damu. Miezi michache baadaye rais wa shirikisho la tenisi la Ufaransa akatangaza kwamba mavazi ya aina ile hayatakubalika tena, kwa kuwa lazima mchezo na mahali viheshimiwe. Mwanamke aliyebana kila inchi ya mwili kwa sababu za kitabibu alikuwa amekosa heshima. Na miaka sita baadaye, Ufaransa hiyohiyo iliwakataza wanamichezo wake wenyewe kuvaa hijabu kwenye Olimpiki ya Paris. Mwenye kuelewa mstari uko wapi anichoree.

Turudi kwa wanaume, kwa sababu sitaki kudai kwamba sisi tuko huru. Hatuko. Ila mashtaka yetu ni tofauti. Mwanamke huulizwa kwa nini anaonyesha. Mwanaume huulizwa ana nini cha kuonyesha. Mwembamba akivaa singlendi ataambiwa anaanika mbavu. Yule mwenye misuli atavaa kamba mbili tu mabegani na ataitwa simba. Kuna kaka mmoja mnene tuliyekuwa tukifanya naye mazoezi asubuhi. Joto kali, feni zimeharibika, sisi tunatota, yeye kavaa fulana mbili na juu yake sweta zito lenye kofia. Alisema anataka kutoa jasho apungue haraka. Niliamini, mpaka siku moja nilipomkuta kwenye chumba cha kubadilishia amejigeuzia ukutani, anabadili fulana ya ndani bila kuvua ya nje, kwa ufundi ambao ungedhani amesomea. Alikuwa anaficha kifua. Hakuna aliyemwita mhuni wala aliyemwambia ajisitiri. Alikuwa amejisitiri mno mpaka akazimia siku moja kwenye mashine ya kupiga makasia.

Na taiti? Taiti kwa mwanaume ina shtaka la tatu, kwamba anajifanya mwanamke. Hili ndilo linalonichekesha zaidi, kwa sababu mwendesha baiskeli mwanaume anavaa bukta ya kubana iliyoshonewa godoro matakoni na watu wanamwona mwanamichezo. Mpiga mieleka anavaa kivazi kimoja kinachobana kila kitu. Mkimbiaji wa mita 100 hali kadhalika. Wote hao wakitoka uwanjani na kuingia jimu na nguo zilezile, wanageuka shemeji.

Kitambaa chenyewe hakina habari. Nyuzi za Lycra, zile zinazofanya taiti ivutike, zilibuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa DuPont huko Marekani, wakati kampuni ikitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mpira katika nguo za ndani za kubana matumbo ya wanawake. Sidiria ya michezo nayo ilipita njia ya kinyume. Mwaka 1977, katika jimbo la Vermont huko Marekani, Lisa Lindahl alikuwa amechoka kukimbia akiumia kifua. Mumewe akafanya mzaha: akachukua ile nguo ya ndani ya michezo ya wanaume, inayobeba sehemu za siri, akajivisha kifuani. Wakacheka. Kisha Lisa na wenzake, Polly Smith na Hinda Miller, wakachukua mbili za namna hiyo na kuzishona pamoja, ikawa sidiria ya kwanza ya kukimbilia. Kwa hiyo ukitaka kuwa mkali kihistoria, kila dada aliyevaa sidiria ya michezo amevaa ya kaka, na hakuna anayemtania kwa hilo.

Nitaulizwa kama basi hakuna mpaka. Upo. Jimu ina haki ya kudai raba za kufunga, taulo kwenye benchi, na fulana ya kuzuia jasho la mgongo wako lisije kuwa mto wa kichwa changu. Kanuni hizo nazipenda kwa sababu zinahusu benchi, na benchi halijui nani amelalia. Ninachokataa ni kanuni inayoanza na neno "wanawake" halafu inataja urefu. Wengine watasema wako wanaovaa ili waonekane, wanajirekodi mbele ya kioo dakika kumi kwa seti moja. Ni kweli wapo. Wengi wao ninaowafahamu wana ndevu.

Na macho? Mimi pia nina macho, sitajifanya malaika. Kuna siku nimejikuta natazama mahali pasiponihusu, nikageukia ukuta na kusoma maelezo ya namna ya kutumia kizima-moto, nayajua kwa moyo sasa. Haikuniuma popote. Wanaopenda kuwahubiria dada zetu stara wangeanza kwenye Surat An-Nur yenyewe: aya ya 30 inawaambia wanaume wainamishe macho yao, kabla aya ya 31 haijageuka kusema na wanawake. Mpangilio huo sikuuweka mimi.

Dada bado anakuja. Amehama saa, anakuja alfajiri, watu wakiwa wachache, na sweta ameliacha nyumbani. Lile zoezi la nyonga sasa analifanya kwa chuma, akiwa ameelekeza kichwa upande wa mlango ili awaone wanaoingia. Nilimwambia asiogope, mimi nipo. Akaniuliza ni lini nitavaa taiti bila bukta.

Nimemjibu kwamba bukta naihitaji kwa ajili ya mfuko wa simu. Akacheka sana, kwa sababu taiti yangu ina mfuko pembeni, wenye zipu. Ya kwake haina.