Mkoba wa kidijitali si mtihani mwingine

Wanaopinga mikoba ya kazi ya kidijitali, yaani makusanyo ya kazi ambazo mwanafunzi amezifanya na kuzihifadhi mtandaoni ili apimwe kwazo, huuliza: mwalimu atatoaje alama kwa kazi iliyotawanyika kwenye blogu, video ya YouTube na kurasa za wiki (kurasa za mtandaoni zinazohaririwa na watu wengi), kisha aseme mwanafunzi huyu amemzidi yule? Swali lina uzito, na lina ushahidi. Jimbo la Vermont, Marekani, lilipoanza kupima wanafunzi kwa mikoba ya karatasi, watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walikuta mwaka 1992 kwamba wasahihishaji waliosoma mkoba mmoja walitofautiana mno, hata alama zisifae kulinganisha shule na shule.

Mfano huo hutajwa, nusu yake ikaachwa. Mwaka 1993 usahihishaji wa hisabati uliimarika. Wa uandishi ndio uliobaki pale pale. Sababu zilizotolewa zilikuwa vigezo visivyo wazi, wasahihishaji wasioandaliwa vya kutosha, na kazi zisizofanana kati ya darasa na darasa. Mbili za kwanza hurekebishika. Ya tatu ndiyo inayonishughulisha, kwa sababu kutofanana huko si kasoro ya mkoba, ni asili yake. Leon Paulson, Pearl Paulson na Carol Meyer, walioandika kuhusu mikoba ya wanafunzi, walishasema mwaka 1991 kwamba mwanafunzi ashiriki kuchagua kinachoingia na aonyeshe tafakuri yake mwenyewe. Ukimwachia achague, hatachagua alichochagua jirani yake. Aliyetaka kupanga watu kwa nafasi amekosea chombo.

Kinachoonekana humo, mtihani wa saa mbili hauwezi kukionyesha. Mwanafunzi anaandika hoja kwenye blogu. Mwenzake anamhoji ushahidi wake. Anarudi, anafuta aya nzima, anaandika upya. Baadaye anaweka matoleo yote mawili mkobani na kueleza kwa nini aya ile ilianguka. Maelezo hayo ndiyo ya kupimwa. Katika kazi ya kikundi, historia ya ukurasa wa wiki huonyesha nani alibadili nini na lini, ingawa idadi ya mabadiliko si elimu: kuna anayesahihisha vituo mara ishirini na kuna anayeleta aya moja iliyobeba kazi yote. Laiki zisihesabiwe kabisa.

Hoja ya faragha naikubali bila ubishi. Mtoto asilazimishwe kuanika makosa yake hadharani ili apate alama. Majukwaa nayo hufa. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungiwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, hivyo nakala ikae kwa mwanafunzi mwenyewe.

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoweza kuandika insha, ilipotoka mwishoni mwa 2022, wengi wanaona mkoba umepoteza maana. Mimi naona kilichopungua thamani zaidi ni insha iliyokamilika, ile inayokabidhiwa bila historia. Tafakuri nayo yaweza kuandikwa na mashine, ndiyo maana naitaka isindikizwe na mazungumzo: dakika kumi, mwalimu na mwanafunzi, mkoba ukiwa wazi mbele yao.

Hapo ndipo wapinzani wana hoja nzito kuliko zote, japo wao huitaja kwa kupita tu. Wanafunzi 60 kwa dakika kumi ni saa kumi nzima, kabla mwalimu hajasoma chochote. Shule inayoongeza mikoba bila kupunguza majaribio ya kila wiki inamtaka mwalimu apitishe macho tu, na mikoba iliyopitishwa macho itarudisha alama zile zile za Vermont. Kazi mbili au tatu kwa muhula, zikisomwa kwa makini, zinatosha.