Msaidizi wa akili mnemba asome daftari, asiandike juu yake

Kuuliza kama tutumie akili mnemba kupanga kazi na kumbukumbu zetu ni kuchelewa, maana watu wameshaanza. ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, wengi waliichezea kwa kuitungisha mashairi na barua za kuomba kazi. Leo mtu anaipa ratiba ya wiki, anaipa orodha ya wanaomdai na anaowadai, anairekodia sauti akiwa kwenye foleni ya Ubungo na kuiambia impangie siku. Gemini, msaidizi wa Google, inaingia kwenye kalenda na barua pepe za kampuni hiyo, Copilot ya Microsoft kwenye nyaraka za ofisini, na Meta AI imekaa humo humo ndani ya WhatsApp. Kinachobaki kuamuliwa ni mipaka. Msimamo wangu nautoa mapema: msaidizi asome, atafute, apendekeze, lakini kumbukumbu yenyewe asiiguse, na asitume wala kuahidi kitu kwa jina langu. Siri za watu wengine nazo zina hesabu yake, nitazifikia.

Tuanze na hali halisi. Daftari la mfanyabiashara mdogo wa Dar au Mombasa haliko sehemu moja. Lipo kwenye meseji za M-Pesa, ambazo kwa wengi ndizo vitabu vya hesabu. Lipo WhatsApp, ambako tangu mwishoni mwa 2022 mtu anaweza kujitumia ujumbe mwenyewe. Lipo kwenye picha alizopiga za risiti na bei, na kwenye daftari la kaunta lenye majina ya waliokopa unga na sabuni. Kuandika watu wanaandika sana. Hakuna anayerudi kusoma, basi.

Hapo ndipo msaidizi ana faida ambayo sioni wa kuipinga. Bandika meseji za wiki nzima, uliza nani alilipa nusu na nani alisema atamalizia Ijumaa, na majibu yanakuja kabla chai haijapoa. Kazi hiyo kwa mkono ni jioni nzima, ndiyo maana haifanywi. (Kujumlisha, hata hivyo, jumlisha mwenyewe kwa kikokotoo. Programu hizi hupanga maneno vizuri kuliko zinavyopiga hesabu.) Fundi mwenye grisi mikononi anasema anachotaka kukumbuka bila kushika kalamu. Mtu mwenye uoni hafifu anasomewa ratiba yake. Na yule ambaye kazi kubwa humlemea hadi akaiahirisha mwezi mzima anapata wa kumkatia vipande.

Hilo la mwisho lina ushahidi wake. Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo ambalo halijamalizika hupunguza kumsumbua mtu akilini pindi anapoliwekea mpango mahususi, hata kabla hajaligusa. Ukimwambia msaidizi "nataka kushughulikia leseni ya biashara", akiwa mzuri atakuuliza unaanzia ofisi gani, siku gani, na kama TIN (namba ya mlipakodi) unayo tayari. Maswali hayo matatu yana thamani kuliko orodha ndefu yenye rangi.

Upande wa pili nauanza na kisa cha karibu. Dada mmoja ninayemfahamu ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, huko Tabata, Dar. Kikao kikikaa anakirekodi kwa simu, kisha anampa msaidizi rekodi atengeneze muhtasari. Safari moja muhtasari ulitoka safi kabisa: waliohudhuria, agenda kwa namba, maazimio. Kwenye maazimio palikuwa na mstari usemao wanachama walikubaliana faini ya kuchelewa rejesho iwe shilingi 5,000. Kilichotokea kikaoni ni kwamba mama mmoja alipendekeza 5,000, wawili wakaguna, na mwenyekiti akasema hilo tuliweke kiporo hadi mwezi ujao. Mguno haukuingia kwenye maandishi, na maneno ya mwenyekiti yalimezwa na kelele za watu kuanza kuhesabu hisa. Muhtasari ukarushwa kwenye grupu, na kabla ya jua kuzama watu walikuwa wanaulizana nani alimpa nani madaraka ya kupandisha faini.

Angeandika kwa mkono, katibu yule pengine angeruka nusu ya yaliyosemwa. Asingeandika azimio ambalo halikupita, kwa kuwa alikuwepo na mguno aliusikia. Daftari lililochanwa ukurasa linakuonyesha lilipochanwa. Muhtasari wa mashine hauna pengo la kukushtua, kila sentensi imekaa kana kwamba hakuna kilichoachwa. Ndiyo maana nasema rekodi ibaki ilivyo, muhtasari uwe juu yake na si badala yake. Dawa ipo na ni rahisi: mwagize atenganishe yaliyopendekezwa, yaliyoamuliwa na yaliyoahirishwa, na kwa kila moja anukuu maneno ya aliyesema. Pale anapokosa maneno ya kunukuu, azimio lina shaka. Lakini ni wangapi wanaosumbuka hivyo? Uzuri wa kifaa hiki machoni pa wengi ni kwamba kinakuondolea usumbufu.

Kuna hoja nyingine inayopendwa na wanaotunza kumbukumbu kitaalamu. Wanamtaja Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki 1998 akiacha kadi za maandishi takriban 90,000, ambazo leo zinatunzwa Chuo Kikuu cha Bielefeld. Kila kadi aliipa namba na kuiunganisha na nyingine kwa mkono wake, na kutoka humo akaandika vitabu kwa makumi. Programu kadhaa za kumbukumbu zinajinadi kwa mtindo wake. Sasa akili mnemba inaahidi kukuunganishia kadi yenyewe, wewe utupie tu. Nadhani ahadi hiyo inamfanyia mtu kazi ambayo hakupaswa kufanyiwa. Luhmann alipokuwa akihangaika kadi mpya ikae karibu na ipi, muda ule ndio aliokuwa akifikiri. Mwanafunzi wa uzamili anayeachia mashine iamue kipi kinahusiana na kipi atapata sura ya pili ya tasnifu mapema, na siku ya utetezi atakaa mbele ya jopo akiwa mgeni wa hoja zake.

Tusitie chumvi lakini. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliosema wanafunzi wanaochapa kwenye kompyuta hunakili neno kwa neno na kuelewa kidogo kuliko wanaoandika kwa kalamu. Ulivuma sana. Watafiti wengine waliourudia, matokeo yao yakatoka 2019, hawakuiona tofauti kubwa kiasi hicho. Kwa hiyo anayehubiri kwamba kalamu ni akili na mashine ni ujinga, ushahidi wake ni mwembamba. Na orodha ya nyanya, vitunguu na mkaa haihitaji falsafa ya mtu yeyote.

Tatizo jingine ni letu hasa, wasemaji wa Kiswahili. Mwambie msaidizi "nikumbushe saa mbili nimpigie fundi bomba". Sisi tunajua ni asubuhi ofisi zinapofunguliwa, au usiku wakati wa taarifa ya habari, kutegemea umeongea muda gani. Mashine iliyolelewa kwa maandishi mengi ya Kiingereza inaweza kuweka ukumbusho kwenye 2:00, ambayo kwetu ni saa nane. Siku nyingine msaidizi huyo huyo anaelewa barabara. Afadhali angekosea kila mara. Tungeshazoea kuongeza sita na maisha yangeendelea. Kigeugeu hiki kinamaanisha kila ukumbusho wa saa lazima uutazame kwa macho kabla ya kuuamini, na ukiutazama kila mara umeokoa dakika ngapi? Kwa saa, mimi bado naona kengele ya kawaida ya simu ni bora.

Yote hayo ni madogo ukiyaweka kando ya hili la kumruhusu msaidizi atende. Agosti 2025 watafiti wa Israel walionyesha jambo ambalo kila mwenye kalenda kwenye simu angepaswa kulisikia. Walituma mwaliko wa kikao kupitia kalenda ya Google, na ndani ya maandishi ya mwaliko wakaficha maagizo. Mwenye simu hakubonyeza kiungo wala kupakua kitu. Alimuuliza Gemini swali la kila siku, nina ratiba gani wiki hii, Gemini akasoma mialiko, akakutana na maagizo yale na kuyafuata kana kwamba yametoka kwa bosi wake. Katika nyumba moja ya Tel Aviv taa zilizimika na mapazia ya umeme yakafunguka. Google waliarifiwa mapema na wakaongeza kinga, lakini chanzo hakijaondoka: mashine hizi hupokea maelezo na maagizo kupitia mlango mmoja, na hazina njia ya uhakika ya kujua yupi ni bosi na yupi ni mpita njia.

Simon Willison, mtaalamu wa programu aliyeupa udanganyifu wa aina hii jina mwaka 2022, anaonya juu ya mambo matatu yanapokutana: msaidizi kuona siri zako, kusoma maandishi ya watu usiowajua, na kuwa na njia ya kupeleka habari nje. Sasa itazame simu ya muuza mitumba wa soko la Karume. Meseji za pesa zimo. Meseji za wasiojulikana zimo, tena kila wiki, ikiwemo ile tunayoifahamu wote ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Na kutuma kumo. Mtu mzima anaisoma meseji ile, anasonya, anafuta. Msaidizi aliyepewa ruhusa ya kujibu meseji na kushughulikia malipo hana wa kumfundisha kusonya. Kwa hapa sioni pande mbili za kupimwa: kuandaa jibu aandae, kubonyeza kitufe cha kutuma nibonyeze mimi.

Nafika kwenye siri. Watetezi husema, na wana haki kiasi, kwamba barua zetu pepe na picha ziko kwenye seva za kampuni hizo hizo miaka mingi, kwa hiyo hofu imechelewa. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwa msaidizi tunaandika ambayo tusingemwandikia mtu barua: hofu za ugonjwa, ugomvi wa ndoa, nani ofisini hatufai. Na kufuta si kufutika. Mei 2025, katika kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya OpenAI, wenye ChatGPT, mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni hiyo itunze mazungumzo ya watumiaji, hata yale waliyoyafuta. Agizo lilikoma baadaye mwaka huo. Ila lilitosha kuonyesha kwamba kitufe cha kufuta kinafanya kazi hadi pale hakimu wa nchi nyingine atakaposema vinginevyo.

Zito zaidi ni kwamba daftari lako limejaa watu wengine. Katibu wa kikoba ana majina, madeni, misiba na maradhi ya wenzake, na hakuna aliyeulizwa kama yapelekwe kwenye kompyuta za California. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ya Tanzania ya taarifa binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Ya Kenya inaacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani. Orodha yako ya sokoni imo kwenye msamaha huo bila shaka. Orodha ya wakopaji wa kikundi chenye katiba na mwenyekiti sidhani. Anayetaka msaada wa mashine hapo abadilishe majina kwanza, aandike M1, M2, M3, na ufunguo wa majina ubaki kwenye karatasi. Ni usumbufu, ndiyo.

Jambo la kuhifadhi nalipitia haraka, kwa sababu jibu lake linajulikana. Evernote, programu ya kutunza vidokezo, ilipofunguliwa kwa umma 2008 ilijinadi kuwa kumbukumbu yako ya maisha. Ikauzwa kwa kampuni ya Italia, na mwishoni mwa 2023 watumiaji wa bure wakawekewa kikomo cha vidokezo 50. Kumbukumbu iliyomo ndani ya mazungumzo na msaidizi iko katika hali hiyo hiyo, tena bila hata folda. Iandike kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, kama programu ya Obsidian inavyofanya, yakae kwenye kifaa chako na nakala kwenye flashi. Msaidizi mpe nakala. Akibadilika bei au akifungwa, umepoteza mfanyakazi, daftari unalo.

Na bei inabadilika. ChatGPT Plus, mojawapo ya huduma zake za kulipia, ni dola 20 kwa mwezi, kama shilingi 50,000 za Tanzania, na bando ni lako. Kwa mwanasheria au mwandishi ambaye saa moja ya kazi inalipa zaidi ya hapo, hesabu haina ubishi. Kwa mwenye genge, ya bure inamtosha, na akigonga kikomo cha siku atasubiri hadi kesho. Wenye kompyuta nzuri kidogo wana njia ya tatu: modeli ndogo, yaani akili mnemba nyepesi kama Gemma au Llama, zinazoendeshwa ndani ya kompyuta yenyewe kwa programu kama Ollama, bila intaneti na bila maneno yako kutoka chumbani. Kwa upande wa siri, hiyo ndiyo njia ninayoipenda, ila Kiswahili cha modeli hizo ndogo bado ni cha kuungaunga, ngeli zinapishana na majina ya watu yanageuka vitu. Mpaka kitakaponyooka, madeni ya kikoba na karatasi za hospitali nayaacha kwenye daftari la karatasi, ratiba na rasimu nampa msaidizi.