Kuogelea kwa ubavu kusiachwe nje ya mafunzo

Mtu mzima akianza kujifunza kuogelea siku hizi, aghalabu huanzishwa kwa mtindo huru: uso majini, mikono ikirushwa kwa zamu. Mtindo huo ndio wenye kasi kuliko yote, nami sina ugomvi na kasi. Ninachopinga ni kumpa mtu asiyekusudia kushindana na yeyote mtindo unaommaliza pumzi, huku ule wa kuogelea kwa ubavu, ambao ungemwezesha kwenda mbali bila kuhema, hata hatajiwi.

Ubavu una ufundi wake. Mwogeleaji hulala upande, mkono wa chini ukiwa umenyooshwa mbele ya kichwa na wa juu umelazwa pajani. Mkono wa chini huvuta maji hadi kifuani, na wakati huohuo wa juu hupanda kuukuta, huku magoti yakikunjwa. Kisha wa juu husukuma maji kuelekea miguuni, wa chini hurudi mbele, na miguu, iliyokwisha kutanuliwa mmoja mbele na mwingine nyuma, hufungwa kwa nguvu kama mkasi. Baada ya hapo mwogeleaji hafanyi lolote. Mwili huteleza wenyewe, misuli ikapumzika, na hapo ndipo wanaoanza huuharibu mtindo kwa pupa ya kuvuta tena. Mdomo hubaki juu ya maji, hivyo pumzi haihitaji mahesabu, na mikono hairushwi hewani, hivyo nguvu haipotei kwa kuiinua.

Katika mashindano mtindo huu ulipitwa, na kwa haki. Waogeleaji wa mbio wa Uingereza waliutumia katika karne ya 19, wakaja kuuboresha kwa kuutoa mkono mmoja juu ya maji, hadi mwogeleaji mwenzao John Trudgen alipowaonyesha mwaka 1873 faida ya kuitoa yote miwili. Mjerumani Emil Rausch bado alishinda kwa ubavu katika Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904. Hata leo kanuni za mbio za mtindo huru hazimzuii mtu kulala ubavu. Zitamwacha tu afike wa mwisho.

Lakini anayemvuta mtu aliyekaribia kuzama hawezi kutumia mikono yote miwili. Mmoja humshikilia mwenzake kifuani, na kazi iliyobaki hufanywa na mkono wa pili pamoja na ule mkasi wa miguu. Wanajeshi wa SEAL, kikosi maalumu cha jeshi la majini la Marekani, nao hufundishwa ubavu wa aina yao, unaowapitisha majini kwa utulivu na kwa nguvu kidogo.

Kasoro yake ninayoiona kubwa ni kwamba kila mtu hupendelea ubavu mmoja na kuupuuza mwingine. Katika bwawa hilo halina madhara. Baharini, mawimbi yakitokea upande anaoutazama, yatampiga usoni kila anapovuta pumzi, naye atalazimika kugeuka ayape mgongo. Kwa hiyo mwalimu amzoeze ubavu wa kulia na wa kushoto tangu wiki za mwanzo, kabla mwili haujachagua.